Ulimi wa Matete

Watu wa Bariadi wakikwambia Generoza alikuwa mpiga klarineti, usidhani wanamsema mtu wa kupulizapuliza harusini ili apakuliwe pilau. Hapana. Generoza alikuwa karani wa mizani kwenye jineri ya ushirika, kiwanda cha kuchambua pamba, kazi yake kupima pamba tangu asubuhi hadi jua linapozama. Ila mara moja kwa mwaka, siku ya kufungua msimu wa ununuzi, aliweka kalamu chini, akavaa sketi ya bluu na shati jeupe la bendi, akasimama mbele ya wenzake na kile chombo chake cheusi, akapiga kitu ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukisikia. Miaka saba mfululizo, tungo saba mpya. Na zote za mtu mmoja, Mwalimu Luhaga.

Huyu Luhaga hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa mwalimu wa kwaya, na kabla ya kwaya, ujanani mwake, alikuwa manju wa ngoma ya Bagalu, mtu wa kutunga na kuimbisha, ambaye akiingia uwanjani watu mia tatu wanamfuata nyuma. Padri mmoja wa misheni ndiye aliyemwambia kwamba Ulaya kuna utungo ambamo mtu mmoja husimama mbele na okestra nzima ikamjibu, na jina lake ni koncheto. Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu. "Hiyo siyo ya Ulaya, Padri," alimwambia. "Hiyo ni manju na watu wake." Lakini neno lilimpendeza, akawa analiandika kwa herufi kubwa juu ya kila karatasi.

Kwenye ngoma alitoka na sharti moja, na hilo hakuliacha hata uzeeni. Wimbo mpya hausikiki kabla ya siku yake. Anayejua mbina, yale mashindano ya ngoma ya Usukuma, anaelewa kwa nini. Pande mbili zinakutana uwanja mmoja baada ya mavuno, huku wanacheza hawa, kule wanacheza wale, na watu wanahamia kwa anayewakuna. Wimbo wako ukivuja, wapinzani wanakuja na jibu mfukoni, na wewe umekwisha. Basi Mwalimu akaileta sheria hiyo kwenye bendi ya jineri. Generoza alijifunza sehemu yake peke yake, nyuma ya ghala la mbegu. Wenzake walijifunza yao siku ya Jumatano, yeye hayupo. Pande hizo mbili zilikutana siku yenyewe, mbele za watu, na Mwalimu akiwa kiti cha mbele anausikia utungo wake mzima kwa mara ya kwanza.

"Siku moja tutaumbuka," Nyanda alikuwa akisema. Nyanda ndiye alikuwa kiongozi wa bendi, mpiga tromboni, mtu wa wasiwasi toka kuzaliwa.

Miaka saba hawakuumbuka.

Utungo wa nane aliuleta Kwandu, binti wa Mwalimu, kwa baiskeli, siku ya soko. Alizitupa karatasi juu ya meza ya mizani kama mtu anayetua mzigo wa kuni.

"Mwangaluka, dada Generoza. Haya, chukua. Baba anasema huu ndio wa mwisho, na mimi nasema afadhali."

"Mwangaluka, Kwandu. Mbona hasira asubuhi yote hii?"

"Nisikasirike? Wiki tatu! Palizi inanisubiri, mimi nimekalishwa kwenye kigoda naandika do, so, so, la, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikimsomea akasikia kosa moja, 'Futa.' Macho hana, lakini kosa analiona!"

Macho ya Mwalimu yalikuwa yamezima mwaka uliopita. Kwandu ndiye aliyekuwa mkono wake sasa. Herufi alizijua, kusoma na kuandika alijua vizuri, ila muziki ulimpita mbali. Kwake do ilikuwa do tu, haikuimba kitu. Aliandika alichoambiwa, mstari kwa mstari, mpaka mwisho. Na pale mwisho palikuwa na maneno ya Mwalimu mwenyewe: Sauti ya mwisho ishikwe mpaka pumzi iishe yenyewe. Usiikate.

"Anaendeleaje?" Generoza aliuliza.

Kwandu akapunguza sauti. "Kifua. Daktari kaniita pembeni. Kasema nisimwache peke yake." Akafuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na vumbi. "Mvua zijazo hataziona, dada. Ndivyo alivyosema."

Kuanzia saa ile Generoza alitaka kitu kimoja tu duniani. Alitaka Mwalimu ausikie utungo wake wa nane, mzima, umepigwa vizuri, akiwa hai. Mambo mengine yote yangeweza kuharibika na yalikuwa yanaharibika kweli. Ulikuwa mwaka ule wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia kwenye pamba. Malori yao yalikuwa yamefika Maswa na Mwandoya, wanatundika mizani chini ya mti wowote, na ushirika ulikuwa unahema kwa shida. Bendi iliyokuwa na watu kumi na wanane imebaki na kumi na mmoja, wengine wamepunguzwa kazi, wengine wamekwenda Lamadi kuuza samaki. Kila mtu alijua mwakani hakuna bendi.

Nyanda alipoiona sehemu yake alikuna kichwa. "Mbona polepole hivi? Tarumbeta hazina hata pa kupigia kelele. Huu siyo wa kufungua msimu, Generoza. Huu ni wa kufunga."

"Piga kama ulivyoandikwa."

"Napiga. Nasema tu."

Sasa hapa lazima tuzungumze juu ya ulimi. Klarineti haitoi sauti yenyewe. Mdomoni mwake mnafungwa kibanzi chembamba, kinachotetemeka ukipuliza, na wapiga bendi wanakiita ulimi. Ulimi unachakaa, na ukichakaa unanunua mwingine. Lakini ungenunua wapi, jamani, miaka ile ya foleni za sabuni? Mwanza hakuna, Dar es Salaam hakuna. Generoza alikuwa amejifunza klarineti kwenye kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, akapewa ndimi mbili, zikaisha, basi. Akateremka Mto Simiyu na kisu, akakata matete. Aliyaning'iniza darini juu ya mafiga mpaka moshi uyakaushe, wiki nane kamili. Akayachonga kwa wembe, akayalainisha kwa jani la msasa, akajaribu, akatupa, akachonga tena. Katika kumi alipata mbili zinazolia.

Zililia, ndiyo, lakini kwa mikwaruzo. Sauti yake ilikuwa na ukavu fulani, kama ya mtu mwenye kifua kibovu anayeimba kwa kujificha. Generoza aliionea aibu miaka yote saba. Msimu uliopita mgeni mmoja alisimama kutoa hotuba, akauliza kwa mzaha kama klarineti ya Bariadi imepata mafua. Uwanja mzima ulicheka. Generoza naye alicheka, akafika nyumbani akajifungia, akalia mpaka macho yakavimba.

Siku mbili kabla ya kufungua msimu, Gharib alimwita kutoka barazani mwa duka lake. Gharib alikuwa muuza duka pale mjini tangu enzi za baba yake, na miaka ya shida rafu zake zilikuwa na chumvi na viberiti tu. Sasa ungelipita pale ungeshangaa. Sabuni za kunukia, redio za kaseti, mitumba hadi mlangoni, viatu vya plastiki vya kila rangi. Watu walikuwa wanatupa vya kujitengenezea kama wanatupa ugonjwa. Katambuga za matairi zilikuwa zimejaa mitaroni.

"Dada Generoza, njoo hapa. Nimekuletea dawa ya mafua," Gharib alisema, na akatoa kiboksi kidogo. Ndani yake mlikuwa na ndimi kumi, kila mmoja kwenye karatasi yake, za rangi ya asali, zimechongwa na mashine. "Nilimwagiza mtu wa Mwanza, naye akamwagiza wa Nairobi. Usiniulize bei. Ni zawadi. Nataka safari hii wageni wakae kimya."

Generoza, aliyekuwa anatoka mazoezini na klarineti yake, alikipokea kwa mikono miwili. Alifunga mmoja palepale dukani, akapuliza. Sauti ikatoka nyororo, safi, haina hata punje ya mchanga. Wanunuzi wakageuka. Mama mmoja aliyekuwa anachagua kanga akasema, "Haa! Hiyo ndiyo klarineti!" Na Generoza, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, alirudi nyumbani akirukaruka kama binti.

Asubuhi yake kuni zilikuwa mbichi, zinafuka moshi tu. Alikuwa na kopo la ndimi za matete, zote alizochonga, nzima na mbovu. Akalifungua, akazitia jikoni mojamoja. Zilishika moto upesi, maana zilikuwa kavu kwelikweli. Chai ikachemka. Akainywa akiwa na furaha.

Siku ikafika. Mkuu wa wilaya alikuja, maturubai yakatandazwa, wakulima wakajaa mpaka kwenye uzio. Mwalimu Luhaga aliletwa na pikapu, amevaa koti lake jeusi la kwaya, Kwandu akimshika mkono. Wakamkalisha mbele kabisa. Alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa, lakini aliketi wima na mikono juu ya fimbo, kichwa amekiinamisha kidogo upande wa kulia, sikio lake zuri.

Generoza alipiga. Na wacha isemwe kweli, hajawahi kupiga vile. Bendi ilimjibu pale ilipotakiwa, Nyanda na wasiwasi wake hakukosea hata mara moja, na wimbo ule wa polepole ukapita juu ya uwanja ule wa wakulima bila mtu kukohoa. Ulikuwa wimbo wa mtu mmoja anayekwenda na kurudi, anakwenda na kurudi, na kila akirudi bendi iko chini yake tu, haimfukuzi. Sauti ya mwisho aliishika mpaka kifua kikamwuma. Ilizimika laini.

Vigelegele vikalipuka. Mkuu wa wilaya alisimama. Kwandu alipiga makofi na kucheka, afadhali wiki zake tatu hazikwenda bure. Nyanda alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa shati. Generoza hakuwatazama wote hao. Aliteremka moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha Mwalimu, akapiga magoti.

Mwalimu aliutafuta mkono wake, akaupata.

"Umepiga bila kosa, mayu, mama yangu," alisema, akamshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja. Wabeja sana."

"Asante, Mwalimu."

Lakini uso wake ulikuwa bado umeelekea pale bendi ilipokuwa, kama anasubiri kitu kingine kitoke. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lakini hakuja."

"Nani hakuja, Mwalimu?"

Kwandu aliingilia, "Baba amechoka, dada. Jua kali hili." Akamwinua, wakaenda kwenye pikapu. Generoza alibaki amepiga magoti mbele ya kiti kitupu, watu wanampigapiga mgongoni kwa pongezi, yeye hasikii.

Jumapili baada ya misa alipanda baiskeli hadi kijijini kwa Mwalimu. Maneno yale mawili yalikuwa yamemkaa kooni siku nne. Alimkuta Mwalimu ameketi nje, ukutani upande wa kivuli, Kwandu amekwenda kisimani.

"Mwadila, Mwalimu."

"Mwadila, mayu. Nilijua utakuja." Akamsikiliza anavyoketi. "Ulimi gani ule uliopigia?"

Generoza akamweleza yote, Gharib, boksi, karatasi za kuzungushia, ndimi za mashine. Akafika kwenye matete, akasita, kisha akasema hata lile la jikoni.

Mwalimu alitikisa kichwa polepole. Hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika.

"Mke wangu alikuwa na kifua," alianza. "Anna. Tangu usichana wake. Sauti yake ilikuwa inakwaruza, basi akaionea haya. Kanisani hakuimba. Ngomani hakuimba, na mimi mumewe ndiye manju. Lakini alikuwa na wimbo wake mmoja, wa palizi. Akiwa peke yake shambani kwenye pamba, anakwenda na tuta, anarudi na tuta, anauimba. Mimi natoka kwenye mbina, nimefuatwa na watu mia tatu, sauti imenikauka kwa kusifiwa, nasimama ukingoni mwa shamba namsikiliza mke wangu anakwaruza. Akiniona tu, ananyamaza. Haumalizi. Sijawahi kuusikia mwisho wake."

Kuku walikuwa wanaparua karibu na miguu yake. Akawafukuza kwa fimbo.

"Alikufa Kwandu ana miaka mitano. Nikaacha ngoma. Picha yake tulikuwa nayo moja, mchwa wakala. Miaka ikaenda, nikaanza kumsahau, mayu, nakwambia ukweli. Halafu siku moja nimeleta pamba jinerini, nimesimama kwenye foleni na gunia langu, nikasikia mtu nyuma ya ghala la mbegu anapuliza kitu. Lilikuwa koo la Anna."

"Ilikuwa mimi," Generoza alisema.

"Ilikuwa wewe na matete yako. Unadhani kwa nini nilikutungia tungo saba? Nilikuwa najifunza. Nilikuwa natafuta njia ya kumleta bila kumtisha. Huu wa nane ndio wimbo wake wenyewe, na ule mwisho nimeutunga mimi, maana yeye hakuwahi kunipa."

"Mwalimu, kwa nini hukuniambia?" Generoza alikuwa analia sasa, waziwazi, kamasi na machozi. "Neno moja tu! Ungeniambia neno moja tu!"

"Wimbo mpya hausemwi kabla ya siku yake," Mwalimu alisema, kisha akacheka kidogo kwa uchungu, kama mtu aliyejikwaa kwenye jembe lake mwenyewe. "Na macho sina. Ningejuaje una ulimi mwingine? Miaka saba umekuja na ule ule."

"Nitakata mengine leo hii. Nipe wiki nane, Mwalimu. Yanataka wiki nane kukauka. Utanisubiri?"

Alifikiri. Alijibu kwa upole kabisa, kama mtu aliyeombwa asubiri chai.

"Nitajaribu."

Hakurudi nyumbani kwanza. Alikwenda mtoni na nguo zake za kanisani, akaingia kwenye tope mpaka magotini, akakata mzigo wa matete. Wiki ile ile aliyaning'iniza juu ya mafiga, na tangu hapo jiko lake halikuzimika. Majirani walidhani anapika pombe. Kila Jumapili alikwenda kijijini, na kila Jumapili Mwalimu, kabla hata ya salamu, alikuwa na swali lile lile.

"Yamekauka?"

"Bado, Mwalimu."

"Haya. Hatuna haraka."

Wiki ya nne alishindwa kuvumilia. Alichukua tete moja lililoonekana la manjano, akalichonga, akalifunga. Lilivimba kwa mate, likakwama, na alipopuliza kwa nguvu likapasuka. Akajitukana mwenyewe kwa Kisukuma, matusi ambayo hapa hayatasemwa. Wiki ya tano Mwalimu hakuketi tena nje. Alikuwa kitandani, Kwandu anamlisha uji kwa kijiko, na swali lake lilitoka kwa vipande. Wiki ya sita, Jumapili, hakuuliza. Alimshika tu Generoza vidole, akavibonyeza kimojakimoja, kama anapiga klarineti.

Alhamisi yake alfajiri Kwandu akatuma mtu. Mwalimu ametutoka.

Walimzika Ijumaa nyumbani kwake, karibu na shamba. Gharib alitoa pikapu yake, bendi yote kumi na mmoja ikapanda na vyombo vyao, mashati meupe, hakuna aliyekosa. Hata wa zamani walioondoka walikuja, wawili walitoka Lamadi wakinuka samaki. Katekista alisoma, watu wa kwaya wakaimba, udongo ukarudishwa, misalaba ya maua ikachomekwa. Wanawake walikuwa wamekwisha rudi uani kuangalia vyungu. Ndipo Nyanda akamsogelea Generoza.

"Ule ulimi umekauka?"

"Bado wiki mbili."

"Basi weka wa dukani. Tafadhali, dada yangu. Tusije tukaumbuka mbele ya kaburi la mtu."

Generoza alikuwa na yote mawili mfukoni. Alikuwa amechonga tete usiku kucha, moja tu lililonyooka, na wembe ulikuwa umemkata vidole viwili. Mkono wake uliligusa boksi la Gharib. Lilikuwa pale, zuri, la uhakika, halina aibu. Akaliacha. Akafunga ulimi wa matete, akaulowesha, akamwangalia Nyanda.

"Tukiumbuka, tumeumbuka," alisema. "Anza."

Sauti ya kwanza ilikoroma. Mzee mmoja wa ukoo aligeuza shingo, vijana wakatazamana. Generoza hakuacha. Ulimi ulikuwa mbichi, ulikuwa na maji bado, na kila sauti ilitoka imejikwaruza, imebana, na pumzi inasikika ndani yake. Ilikuwa mbaya kuliko miaka yote saba. Alikwenda na tuta, akarudi na tuta. Bendi ilikuwa chini yake, haimfukuzi. Na kadiri alivyokwenda ndivyo alivyoacha kuona haya, mpaka akawa haoni tena kaburi wala watu, anaona pamba tu na mtu aliyeinama na jembe, amempa mgongo.

Kwandu alitokea kwenye kona ya nyumba. Alikuwa na mwiko mkononi, unadondosha ugali. Alitembea mpaka katikati ya watu, akasimama, mdomo wazi.

Ilipofika sauti ya mwisho Generoza aliishika kama alivyoagizwa. Lakini ulimi ule haukufika. Ulipasuka pumzi ikiwa bado nusu, sauti ikakatika, na kilichobaki ni hewa tu inapita kwenye chombo. Hakuna aliyepiga makofi. Msibani hakupigwi makofi.

Kwandu akaja mpaka mbele yake.

"Huo ni wimbo gani, dada?"

"Ni ule ule, Kwandu. Ulioandika wewe."

"Siyo." Alikuwa anatikisa kichwa. "Ule niliusikia jinerini, nikapiga makofi, sikuujua. Huu naujua. Mimi nililazwa kwenye kanga katikati ya pamba, mdogo, jua linanipiga usoni, na huu ulikuwa unapita juu yangu. Unakwenda unarudi." Akaelekeza mwiko shambani. "Na ukifika pale Mama anapomwona Baba ukingoni, anaukata. Hivyo hivyo. Anaukata hivyo hivyo."

Generoza akaishusha klarineti.

"Wiki tatu niliandika," Kwandu alisema. "Kwa mkono wangu. Nikawa nanung'unika kwa ajili ya palizi." Akainua macho. "Baba aliusikia hivi? Hivi ulivyopiga leo, aliusikia?"

Watu wote walikuwa wanasubiri. Generoza alitafuta uongo mzuri wa kumpa, maana siku kama ile mtu anaruhusiwa, akautafuta kila mahali akaukosa.

"Hapana, Kwandu," alisema. "Alijaribu kusubiri."

Kwandu alikaa chini palepale, kwenye udongo uliochimbwa, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto. Alilia kidogo, bila sauti. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akaweka ule mwiko pembeni yake.

"Basi piga tena," alisema. "Mimi nipo."

Generoza akautazama ulimi. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye ncha, umefika robo. Labda ungefika katikati ya wimbo, labda usingefika. Akaulowesha kwa mate, akamtikisia Nyanda kichwa, akaanza upya, polepole, kama ulivyoandikwa.